Karma na Dawa ya Maumivu katika Ayurveda

Fundisho la karma, ambalo dini nyingi zilizochipuka Bara Hindi hulishiriki, husema kwamba kila tendo huacha tunda litakalovunwa na mtendaji mwenyewe, ama katika maisha haya ama katika maisha yatakayofuata. Fundisho hilo humwachia tabibu swali zito: ikiwa maumivu ya mgonjwa ni tunda la matendo yake ya zamani, je, anayeyatuliza kwa mitishamba haingilii malipo ya haki? Ayurveda, yaani elimu ya maisha, ililikabili swali hilo katika Charaka Samhita, mkusanyo wa Kisanskriti wa elimu ya tiba unaokadiriwa kuwa na asili ya miaka ipatayo 2,000.

Charaka haikanushi karma, bali inatofautisha daiva, yaani athari ya matendo ya maisha yaliyopita, na purushakara, yaani jitihada ya mtu katika maisha aliyo nayo, kisha inashikilia kwamba daiva iliyo dhaifu hushindwa na jitihada yenye nguvu. Kama urefu wa maisha ya kila mtu ungekuwa umekatwa tangu mwanzo, kitabu kinahoji, pasingekuwa na haja ya dawa wala ibada za kuomba umri mrefu, wala mtu asingekuwa na sababu ya kumkwepa mnyama mkali au upepo wa dhoruba. Hoja hii ina nguvu kwa sababu inamrudisha mbishi kwenye mwenendo wake mwenyewe, kwani hata anayedai kwamba yote yamekwisha kuandikwa humkimbia nyoka. Na msomaji aliyezoea mijadala ya kadari na hiari ataitambua mara moja, ingawa imetoka katika imani nyingine.

Kwa msimamo huo, kutuliza maumivu huwa ni wajibu, na kazi inayobaki ni kuyaelewa. Ayurveda huyahusisha zaidi na vata, mojawapo ya dosha tatu, yaani nguvu zinazouongoza mwili. Vata ina tabia ya upepo, ni kavu, baridi, nyepesi na isiyotulia, na Sushruta, ambaye jina lake limebeba mkusanyo mashuhuri wa upasuaji, anaona kwamba pasipo vata hapana maumivu. Ndiyo maana tiba hutafuta sifa zilizo kinyume: mwili huchuliwa kwa mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto, mgonjwa hutiwa jasho kwa mvuke, hunyweshwa mchemsho wa dashamula, yaani mizizi kumi, pamoja na tangawizi kavu au mafuta ya mbarika. Kwa maumivu ya viungo hutumika guggulu, utomvu wa mti ulio ndugu wa manemane, na shallaki, utomvu wa jamaa ya ubani, ambao majaribio ya kitabibu ya zama hizi, mengi yakiwa madogo, yameonyesha dalili za nafuu kwa wenye maumivu ya magoti. Charaka pia inataja kundi la mimea kumi ya kutuliza maumivu, na miongoni mwake umo ashoka, mti ambao jina lake lina maana ya kutokuwa na huzuni.

Hata hivyo, kitabu hichohicho, katika sehemu inayohusu mwili, kinafundisha kwamba mzizi wa maumivu yote ni tamaa, na kwamba maumivu hukoma kabisa katika yoga na moksha tu, yaani ukombozi wa nafsi kutoka katika mzunguko wa kuzaliwa upya. Si haki kulisoma fundisho hili kama dharau kwa mitishamba, kwa kuwa Charaka hiyohiyo huiita afya msingi wa malengo yote ya binadamu, ukombozi ukiwemo, na mtu ambaye goti lake linawaka moto usiku kucha hana utulivu wa kutafakari.

Neno hilo kuhusu tamaa linauhusu leo mti wenyewe wa dawa. Katika nyanda kavu za Gujarat na Rajasthan, wavunaji wanaotaka utomvu mwingi kwa haraka huutema mguggulu kwa majeraha makubwa mno hata ukafa, na sasa mti huo umo katika orodha ya kimataifa ya viumbe vilivyo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.