Mnyororo wa Mapokezi: Suala la Ushahidi katika Tungo za Muyaka

Mnyororo wa ushahidi hauongezeki nguvu kwa kuongezewa pete mwishoni. Tungo za Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki yapata mwaka 1840, zilikaa vinywani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozikusanya na kumfikishia mmishenari W. E. Taylor. Hati za Taylor zilihifadhiwa London. William Hichens akachapisha diwani mwaka 1940, na Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa kitabu chake mwaka 1979.

Vitabu hivi viwili vinapoafikiana juu ya neno lililotoka katika hati hizo, je, hao ni mashahidi wawili? La hasha. Vyote vinaning'inia kwenye pete moja. Wataalamu wa hadithi za Mtume walilitambua tatizo hili zamani, ndiyo maana walimchunguza kila mpokezi katika isnadi: alikuwa nani, alikutana na nani, kumbukumbu yake iliaminika kiasi gani.

Mhakiki wa Kiswahili, kinyume chake, aghalabu humjadili Taylor kwa kirefu (aliacha karatasi nyingi) na kumtaja Sikujua kwa jina tu. Huo si upungufu wa adabu pekee. Sikujua alikuwa mshairi. Je, mshairi aliyeletewa ubeti uliopungukiwa na mizani, na hakuna mwingine aujuaye, aliuacha na pengo lake au aliujaza? Na akiujaza, mizani hiyo ni ya nani?