Kwetu ni Mbinguni: Je, Neno Hili Latuliwaza au Latufukuza?

 

Mwezi huu nataka tufikiri pamoja juu ya neno tunalolisema karibu kila Jumapili: «Kwetu ni mbinguni, hapa tu wapitaji.» Tunaliimba, tunaliomba, tunalisema makaburini. Ni neno la kweli. Lakini neno la kweli laweza kutumiwa vibaya, na safari hii aliyelitumia vibaya ni mimi niandikaye.

Mnakumbuka kwamba Januari 2025 Amerika ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Watu wengi waliokwisha kupita mahojiano na vipimo vya daktari waliambiwa safari imefutwa. Mama mmoja wa ushirika wetu alikuwa miongoni mwao. Alikuwa ameuza mbuzi zake mbili, amegawa masufuria, na godoro alimpa jirani. Nilipomtembelea nilimkuta ameketi juu ya mkeka, watoto kando yake, begi zimefungwa. Nilikuwa na haraka, maana nilikuwa na kikao. Nikamwambia, «Mama, usilie. Amerika si kwetu. Kwetu ni mbinguni.» Akanitazama kwa muda, akasema, «Mzee, ukisema hivyo, unaniliwaza au unanifukuza?»

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kwenye kikao changu, lakini swali lile lilikwenda nami. Leo nataka kulijibu mbele yenu nyote.

1. Nyumba tatu ndani ya moyo mmoja

Wengi wetu tumebeba nyumba tatu moyoni. Ya kwanza iko ng'ambo. Wengine walitoka Masisi na Rutshuru mwaka 1996, wengine walivuka mpaka Juni 2004 vita vilipoingia Bukavu, wengine walikuja 2012, na wengine juzi tu. Ukishuka kutoka huku Giheke hadi Kamembe jioni, unaziona taa za Bukavu juu ya maji ya Kivu. Ni karibu sana kwa macho na ni mbali sana kwa miguu. Musa naye aliiona nchi kutoka mlima Nebo, wala hakuingia (Kum. 34).

Nyumba ya pili ni Amerika, au Kanada, au Ulaya. Hatujapata kuiona, lakini tunaijua kwa picha na kwa sauti za ndugu waliotangulia. Tunaiita «kesi». Mtu akiulizwa habari, anajibu, «Kesi yangu bado.» Kuna vijana hawataki kuanza ufundi wala kuoa, maana wanangoja kesi.

Nyumba ya tatu ni mbinguni. Na hapa ndipo penye hatari, wapendwa. Mara nyingi tunaigeuza mbinguni kuwa kesi nyingine: mahali pa kwenda mambo mengine yote yakishindikana. Tunakaa juu ya begi zilizofungwa, tunangoja tu kuitwa jina. Je, ndivyo Neno linavyofundisha?

2. Wafilipi walielewa nini?

Paulo ndiye aliyewaandikia Wafilipi kwamba uraia wetu uko mbinguni (Flp. 3:20). Tukumbuke kwamba Filipi haukuwa mji wa kawaida. Baada ya vita vya mwaka 42 kabla ya Kristo, askari wa Kirumi walipewa mashamba pale, na mji ukafanywa koloni la Roma. Walikuwa raia wa Roma wanaoishi mbali sana na Roma, na Roma haikuwataka wafunge mizigo warudi. Kazi yao ilikuwa kuishi pale pale Makedonia kwa sheria na desturi za Roma, hata mgeni akiingia Filipi aone Roma ilivyo.

Basi Mfilipi aliposikia «uraia wenu uko mbinguni», hakuelewa «kaeni mkingoja kuondoka». Alielewa: ishini hapo mlipo kwa desturi za kwenu. Sisi ambao tumesumbuka kwa ajili ya karatasi, tunaojua uchungu wa kuulizwa «wewe ni raia wa wapi?», tungepaswa kulielewa neno hili kuliko watu wote. Uraia huu hakuna afisa awezaye kuufuta. Lakini una desturi zake, nazo zinaanzia hapa, katika mstari wa maji na katika siku ya mgao.

3. Je, mwenye kwao mbinguni anyamaze?

Ndugu mmoja kijana aliniambia, «Mzee, mahubiri ya mbinguni yanatulaza usingizi. Tukidai haki ya shule au ya vitambulisho, tunaambiwa tuvumilie, kwetu ni juu.» Swali lake ni la haki, tusilikemee.

Tazama tena Filipi. Katika mji ule ule Paulo na Sila walipigwa viboko na kutiwa gerezani bila kuhukumiwa. Asubuhi wakubwa wa mji walituma watu kuwafungua kimya kimya. Paulo alikataa. Alisema wao ni raia wa Roma, na wakubwa waje wenyewe kuwatoa (Mdo. 16:37-39). Nao walikuja. Mtu yule yule aliyeimba usiku gerezani ndiye aliyedai haki yake mchana. Tumaini la mbinguni halikumfunga mdomo, bali lilimwondolea hofu. Alidai bila matusi na bila kutetemeka, maana uhai wake haukuwa mikononi mwa wale aliowadai.

4. Je, mwenye kwao mbinguni asilie?

Hapa ndipo nilipomkosea yule mama. Waebrania 11 inamtaja Ibrahimu kuwa mtu aliyekaa hemani akiutazamia mji uliojengwa na Mungu. Kama kuna mtu aliyejua kwamba hapa si kwetu, ni yeye. Lakini Mwanzo 23 inasemaje? Sara alipokufa, Ibrahimu alimlilia. Kisha akasimama mbele ya wenyeji, akakiri kwamba yeye ni mgeni, akaomba mahali pa kuzika. Alilipa shekeli 400 za fedha, hadharani, mbele ya mashahidi. Mtu aliyeungojea mji wa mbinguni alilia machozi halisi na kulipa fedha halisi kwa ajili ya shamba la kaburi.

Paulo naye hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwakataza kuhuzunika kama watu wasio na tumaini (1 The. 4:13). Hayo ni mambo mawili tofauti. Mimi nilimkataza mama kulia ili mimi nipate kuondoka mapema. Nililitumia neno la mbinguni kama mlango wa kutokea.

Kwa hiyo nimepata kipimo, nami nawapa ninyi. Neno «kwetu ni mbinguni» likikufanya ukae karibu na mwenye kuumia, ni faraja. Likikupa sababu ya kumwacha, ni kumfukuza, hata kama maneno ni ya kweli.

5. Basi furaha iko wapi?

Wengine wanauliza: ni haki kufurahi hapa wakati ndugu zetu wanaendelea kufa kule? Je, tukicheka harusini hatuwasaliti?

Wakati wa Yeremia kulikuwa na nabii aitwaye Hanania. Aliwaambia watu kwamba baada ya miaka miwili tu vyombo vya hekalu na wafungwa wangerudi kutoka Babeli (Yer. 28). Watu walipenda neno lile. Sisi pia tuna akina Hanania wetu: «Mwezi ujao kesi zinafunguliwa.» «Kabla ya Krismasi tunarudi.» Furaha ya Hanania ni tamu, lakini ina tarehe, na tarehe ikipita mtu anabaki mtupu kuliko mwanzo.

Yeremia alisema miaka 70. Wengi waliosikia barua yake walijua watazikwa Babeli. Hata hivyo aliwaagiza wajenge, wapande bustani, waoze watoto wao, na wauombee amani mji walipo (Yer. 29). Hakuwaambia wasahau Yerusalemu. Aliwaambia wasisubiri kuishi. Na tuangalie: walioambiwa wapande bustani ndio walioahidiwa kurudi. Bustani haikuwa usaliti. Ndiyo iliyowalisha watoto ambao siku moja wangerudi.

Mwajua habari za Gihembe. Kambi ile ilianzishwa 1997, na mwaka 2021 watu wake walihamishiwa Mahama. Watoto waliozaliwa pale walikuwa hawajui kwingine. Mahali palipoitwa pa muda palikaa zaidi ya miaka 20, halafu napo pakaondoka. Kama furaha yetu ingefungwa kwenye mahali, tungeipoteza mara mbili, mara tatu. Lakini wale waliofundishwa kusoma Gihembe waliondoka na kusoma kwao. Waliofundishwa kuomba waliondoka na maombi yao. Upendo uliotendwa mahali pa muda haukuwa wa muda.

Kwa hiyo najibu: ndiyo, ni haki kufurahi. Si kwa sababu tumesahau, bali kwa sababu kilicho cha maana kuliko vyote kimewekwa pasipofikiwa na bunduki wala na barua ya kufuta safari. Mwenye akiba salama hahitaji kuishi kwa hofu. Anaweza kupanda mboga kwenye gunia mbele ya mlango hata kama hajui atakuwepo kuzichuma. Akiitwa Amerika, ataenda bila kuifanya mungu. Asipoitwa, hatakufa moyo.

6. Mwisho wa habari

Nilirudi kwa yule mama baada ya siku nne. Nilimwomba msamaha. Safari hii sikuwa na kikao. Nilikaa, nikasikiliza habari za mbuzi, za godoro, za dada yake aliyemtayarishia chumba ng'ambo. Alilia, nami nililia. Akina mama wa ushirika walichanga, godoro likapatikana. Alipolipokea alisema, «Sasa mzee, niambie habari za mbinguni. Leo nitasikia.»

Wapendwa, mwezi huu tufanye mambo matatu. Kila jamaa imtembelee mmoja aliyevunjika moyo, bila kuwa na haraka. Vijana wanaongoja kesi waje kujiandikisha katika darasa la kushona na la kusoma, begi ziendelee kufungwa au zifunguliwe. Na katika maombi ya jioni, tuuombee mema mji huu wa Rusizi uliotupokea, kama tunavyoiombea Kongo.

Bwana wa amani awape kulia bila kukata tamaa, na kufurahi bila kusahau. Amina.