Nyumba Isiyo na Mtu

Katika Art Institute ya Chicago vimo vyumba vidogo 68 vilivyoundwa kwa agizo la Bibi Narcissa Thorne, kati ya mwaka 1932 na 1940. Futi moja ya chumba cha kweli imekuwa inchi moja. Meza zimo, mazulia yamo, vinara vimo; watu hawamo.

Hata leo wako watu wazima, hasa Ulaya na Marekani, wapambao nyumba za namna hii. Je, ni upuuzi kununua kiti kisichokalika? Tusihukumu upesi. Mikono ichongayo mlango wa kimo cha kidole hujifunza saburi.

Gharama ni jambo jingine. Petronella Oortman wa Amsterdam, mwishoni mwa karne ya 17, aliitumia nyumba yake ya wanasesere fedha za kutosha kununua nyumba ya kweli kando ya mfereji. Hapo dhamiri haina budi kuamka.

Tena iko hatari iwezayo kutupata hata sisi tusio na senti ya michezo hiyo. Chumba ambamo hakuna mtoto amwagaye uji chapendeza mno, na mwenye kukizoea aweza kurudi sebuleni akawaona wanawe kuwa ni uharibifu wa mpango wake.

Sisi nasi twaunda pango la Noeli, dogo vilevile, na hori lake hukaa tupu hata usiku wa mkesha. Kisha Mtoto huwekwa, na watoto wa parokia humgusagusa mpaka rangi ikamtoka vidoleni.