Juhudi Haiondoi Kudura

Kila jioni nilipotoka nyumbani kwetu Majengo, Mombasa, mpira kwapani, kwenda kuwafunza wasichana mpira wa kikapu, marehemu mama aliniaga kwa neno moja: "Mwanangu, juhudi haiondoi kudura." Alilisema kwa mapenzi, lakini mimi liliniuma. Ikiwa kushinda na kushindwa kumeshaandikwa, kocha atokwe jasho la nini?

Swali hilo nililibeba miaka mingi kwenye uwanja wetu wa saruji. Jawabu lilianza kunijia Februari 2021, kwa mwanamke mwenzangu, Liz Mills wa Australia. Alikuwa ameshafunza Zambia na Kameruni, ndipo mwanzoni mwa mwaka ule akakabidhiwa timu ya taifa ya wanaume ya Kenya. Hadi wakati huo, mara ya mwisho Kenya kucheza AfroBasket, michuano ya ubingwa wa Afrika, ilikuwa 1993, mashindano yalipofanyika Nairobi nasi tukamaliza wa nne.

Kule Yaoundé, Kameruni, kwenye mechi za kufuzu, Kenya ikakutana na Angola, mabingwa wa Afrika mara 11. Sekunde za mwisho, Tylor Ongwae akaruka, akaurusha mpira, ukazama kikapuni. 74 kwa 73. Nililia kwa furaha, kisha nikajiuliza: mpira ule ulipokuwa hewani, ulikuwa wa nani? Ongwae ulishamtoka mkononi. Mills hakuwa ameugusa tangu mchezo uanze. Alikuwa kando ya mstari, kazi yake yote ikiwa nyuma yake.

Mwezi wa Agosti, Kigali, Mills akawa mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume katika AfroBasket. Vijana wake wakaifunga Mali 72 kwa 66. Kisha wakatolewa na Sudan Kusini, 60 kwa 58. Kikapu kimoja tu. Kocha ni yule yule, na bidii ni ile ile. Atakayempima kwa pointi ile moja ya Yaoundé, au kwa mbili zile za Kigali, atakuwa anampima kwa kitu ambacho hakikuwa mikononi mwake.

Nililielewa hilo vizuri zaidi mchezaji wangu mmoja alipokosa mitupo huru miwili ya mwisho, tukapoteza kombe. Alinijia machozi yakimtiririka: "Mwalimu, nimekuangusha."

Nikamuuliza, "Mazoezini ulikuwa ukirusha mingapi?"

"Mia, kila jioni."

"Basi deni lako umelipa. Iliyobaki haikuwa yako."

Maneno hayo yaliponitoka, nikamsikia mama. Hakuwa akinikataza kutoka. Alikuwa akinitua mzigo usio wangu, nibakiwe na ulio wangu. Kudura ni ya Mwenyezi Mungu, nayo inahusu mpira ukishakuwa hewani. Kabla ya hapo kuna amana, nayo ni yetu: kufika mapema, kufunza kwa haki, kutomdharau mchezaji wa akiba. Naamini siku ya hesabu sitaulizwa tulifunga ngapi. Nitaulizwa wale watoto niliwafanyia nini.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayefunza, uwe wa timu ya taifa au wa watoto wa mtaa, usilitumie neno la wazee kuwa mto wa kulalia. Kesho fika kabla yao, ufagie uwanja, ujaze mipira upepo. Kisha kipenga cha mwisho kikishapulizwa, pokea kilichoandikwa, uwashike mkono wote.