Ukibebwa, Bebeka

Kuna ugomvi wa wazazi wa Marekani ambao ukiusomea Kaengesa, mwanzoni unacheka. Familia inafunga safari kwenda Disney World, kule Florida, na mtoto wao wa miaka sita au saba, mzima wa afya, ambaye nyumbani kwao anakimbia toka asubuhi mpaka jioni. Wakifika getini baba anakodi kigari, kile kile cha kusukumia watoto wadogo, anampakia huyo dume zima, miguu inaning'inia karibu iburuze chini, na matembezi yanaanza. Hapo ndipo maneno yanapoanza pia. Wapo wanaosema huyo mtoto anadekezwa, kesho atashindwa kupanda ngazi za shule. Wapo wanaojibu kwamba eneo lile lote lina ukubwa wa yapata kilometa za mraba 100, jua la Florida si la mchezo, njooni mtembee ninyi. Mwaka 2011 ilifunguliwa hata blogu ya picha za watoto wakubwa waliokaa vigarini, watu wakawa wanazisambaza na kuchekana.

Unacheka, halafu unaacha kucheka. Maana swali lililo chini ya kigari ni la kwetu pia, na ni gumu kuliko linavyoonekana: mtoto anabebwa mpaka lini? Na nani mwenye haki ya kusema sasa basi?

Kwa asiyepafahamu, Kaengesa iko mkoani Rukwa, Wilaya ya Sumbawanga, juu kwenye uwanda wa Ufipa. Wengi wanaijua kwa sababu ya seminari. Ni nchi ya mahindi, maharage na ulezi, yenye baridi ambayo mtu wa Dar es Salaam akishuka basi mwezi wa sita anatafuta sweta kabla ya kutafuta chakula. Kigari cha mtoto hukioni, na ukikileta, sijui utakisukumia wapi. Kiangazi ni vumbi na makorongo, masika ni matope yanayovua viatu. Kilichopo ni mgongo na kitenge. Kuna baiskeli, kuna mkokoteni wa ng'ombe siku za mavuno, na siku hizi bodaboda inayopakia baba, mama na watoto wawili kama vile sheria ya usalama barabarani iliandikwa kwa ajili ya nchi nyingine.

Sasa juu ya mgongo huo hakuna anayetangaza tarehe ya mwisho. Hakuna sherehe ya kushushwa. Mimba nyingine inaingia, au mtoto anazidi kilo fulani, na siku moja mama anainama, anajaribu kumrusha mgongoni, anaghairi. "Leo utatembea." Basi, imekwisha. Mgongo una kalenda yake na haumwulizi mtu.

Zamani hata umri wa kuanza shule ulipimwa kwa mwili. Wazee wetu wengi watakusimulia: mtoto anaambiwa apitishe mkono juu ya kichwa, akigusa sikio la upande wa pili anaandikishwa, asipogusa arudi nyumbani akachunge. Tunaisimulia kama kichekesho cha enzi za ujinga. Lakini Disney nao wanapima kwa mwili. Ili uruhusiwe kupanda Space Mountain, treni lile linalokimbia gizani, unasimamishwa kwenye kipimo na ni lazima ufike sentimita 112. Kwa hiyo kuna mtoto anayepimwa, anaonekana ni mkubwa wa kutosha kurushwa gizani akipiga kelele, anashuka salama, anarudi kukaa kwenye kigari chake. Ni mkubwa au ni mdogo? Nadhani jibu la kweli ni kwamba anaweza kuwa vyote viwili katika saa moja. Mtu mzima naye yuko hivyo, ila amejifunza kuficha.

Kigari chepesi cha kukunja tunachokijua leo kilibuniwa mwaka 1965 na Owen Maclaren, Mwingereza aliyekuwa mhandisi wa ndege. Ndiye aliyewahi kushughulikia magurudumu ya kutulia ya ndege za kivita za Spitfire. Alitumia aluminiamu, kikawa na uzito wa kama kilo 3, unakikunja unakitia kwapani unapanda basi. Nampongeza. Mwanamke aliyewahi kupanda kilima na mtoto mgongoni, ndoo kichwani na jembe mkononi hawezi kulidharau gurudumu, na mwanamume anayelidharau kwa niaba yake anyamaze.

Ila angalia gurudumu lilichofanya. Limeondoa gharama. Mgongo ulikuwa unamwambia mzazi "basi" hata kama moyo ulikuwa unasema "bado kidogo". Gurudumu halisemi kitu. Litambeba mtoto wa miaka mitatu, litambeba wa miaka minane, haliumwi kiuno. Uamuzi uliokuwa unafanywa na uti wa mgongo umehamishiwa kichwani, na kichwani ndiko tunakogombana. Ndiyo maana huko kwao ugomvi huu ni mkali na kwetu haupo. Tusijisifu kwamba tumewashinda kwa busara. Hatujapata tu kifaa cha kutulazimisha kuamua.

Tuna msemo ambao siku hizi umechoshwa na wanasiasa na washabiki wa mpira: ukibebwa, bebeka. Timu ikipewa penalti ya utata halafu ikaikosa, utausikia. Kijana akitafutiwa kazi na mjomba, akaanza kuchelewa, utausikia tena. Lakini asili yake iko pale pale kwenye kitenge, na yeyote aliyewahi kubeba mtoto anajua maana yake bila kufafanuliwa. Mama anainama, mtoto anajirusha, anakumbatia kwa mapaja, anatulia huku kitenge kikikazwa. Akijilegeza anakuwa mzito maradufu. Akijinyonganyonga mnaanguka wote. Kubebwa ni kazi. Kila akikua kazi inaongezeka: aliye mkubwa kidogo anashika tochi usiku, anashika mwavuli mvua ikianza, anamwambia mama nani anakuja nyuma. Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina, na mimi nikisikia methali hiyo namwona mtoto aliye mgongoni, pua yake kwenye shingo ya mama, anasikia pumzi zinavyobadilika mlima ukianza. Anajua kwamba anabebwa. Anajua inamgharimu nani.

Kwenye kigari hana cha kujua. Amegeuziwa mbele, anayesukuma yuko nyuma, hawaonani uso wala kisogo. Hana cha kushika zaidi ya soda yake. Kama nina neno dhidi ya kigari cha mtoto mkubwa, ni hilo tu. Umri wake haunihusu.

Sisi Disney hatuna, lakini tuna Maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia, maji yanayoanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Mwaka juzi familia yetu ilikodi gari tukaenda, kupitia Matai mpaka Kapozwa, watu tisa pamoja na mama yetu. (Kule juu ya maporomoko, mwaka 2023 wanasayansi walitangaza kwamba wamekuta magogo yaliyochongwa na kuunganishwa na mikono ya viumbe walioishi miaka 476,000 iliyopita, kabla hata ya watu kama sisi kuwapo. Nilipoisoma habari ile swali langu la kwanza lilikuwa: wakati wanachonga, watoto walikuwa mgongoni kwa nani?) Siku hizi zipo ngazi za kushukia. Binti wa kaka yangu, miaka saba, alishuka anakimbia, anahesabu kwa sauti, anatupita, anaturudia. Tulipoanza kupanda, kabla hata ya nusu, akakaa kwenye ngazi. Hakulia. Alikaa tu.

Kaka akaona aibu, maana walikuwepo wageni wengine wanapita. "Inuka, wewe ni mkubwa." Hakuinuka. Kaka akatugeukia kama anayejitetea mahakamani: "Huyu shule anatembea karibu saa nzima kila siku, kwenda na kurudi, hajawahi kulalamika hata siku moja!"

Mama yetu alikuwa ameegemea ukingo anapumzika. "Ndiyo maana, baba," akamwambia mwanawe. "Mbebe."

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi. Kaka aliona ushahidi: anaweza, kwa hiyo atembee. Mama aliuona ushahidi ule ule, akasoma kinyume: anatembea kila siku, kwa hiyo leo abebwe. Matembezi ya mapumziko si shule na si shamba. Kama kuna siku moja katika mwaka ambayo nguvu za mtoto hazidaiwi kitu, ni ile. Wale wanaomcheka mtoto wa kigarini wanadhani wanapima miguu yake, kumbe hawajui miguu hiyo imetoka wapi wala siku zake nyingine zikoje. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema, na uchovu wa mtoto wa mwenzio ni hivyo hivyo.

Kuna jambo jingine, na hili linatuhusu zaidi sisi. Binti yule wa miaka saba, nyumbani, ndiye anayembeba mdogo wake. Amefungiwa kitenge tangu alipokuwa na miaka sita. Hapa kwetu swali la "atabebwa mpaka lini" linafunikwa na swali jingine, "ataanza kubeba lini", na mara nyingi majibu mawili yanaangukia mwaka mmoja: anashushwa leo, kesho anapewa wa kwake wa kubeba. Lugha yetu ina utani wake hapo. Ulezi ni ile nafaka tunayoilima Ufipa tangu enzi, na ulezi ni kumtunza mtoto. Yote mawili hupaliliwa kwa kuinama.

Najua kuna uzuri ndani ya mtoto kumlea mtoto. Nimeuona: anavyojua kilio cha njaa na kilio cha usingizi kabla mama hajajua. Lakini nimeona pia wenzake wakicheza rede, yeye amesimama pembeni anayumbayumba ili wa mgongoni asiamke, macho yanaufuata mpira. Kwa hiyo tunaposoma ugomvi wa Wamarekani na kusema "watoto wetu sisi wana nguvu, hawadekezwi", tujiulize tunajivunia nini. Nguvu zile ni za mtoto. Hakuulizwa. Sisi tunazitumia, halafu tunazigeuza kuwa sifa zetu mbele ya wageni. Naona afadhali yule baba anayesukuma kigari huku anachekwa. Yeye angalau gharama ya aibu anailipa mwenyewe.

Halafu kuna wale ambao mcheka hawaoni. Huko Disney mzazi anaweza kuomba alama ya kubandika kwenye kigari, kikahesabiwa kuwa kiti mwendo, maana wapo watoto wakubwa ambao miguu yao haina tatizo la kuonekana lakini safari ya siku nzima hawaimudu, na wapo ambao hawatembei kabisa. Ukipita unaona dume zima limekaa. Alama ni ndogo, huioni, unacheka.

Upande wetu wa Kaengesa namfahamu mama mmoja mwenye mtoto wa kiume mwenye mtindio wa ubongo. Kwake kalenda ya mgongo haikufanya kazi. Mtoto alifika kilo za kushushwa, hakuweza kushushwa. Miaka mitano, sita, saba, minane, alimpeleka kanisani, zahanati, msibani, mgongoni. Watu walimzoea, wakaacha kuona. Kijana mwenyewe hawezi kujikaza vizuri. Mikono yake hufanya inavyotaka. Hawezi kubebeka, kwa maana ya ule msemo. Mama anambeba hivyo hivyo, na hapo msemo wetu unafika mwisho wa matumizi yake. Alipofikisha kama miaka tisa alianza kupungua njiani. Si kwamba alipungua mwili. Alipungua kuonekana: Jumapili moja hayupo, msiba mwingine hayupo. Mgongo wa mama yake ulikuwa umesema basi, na kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine, aliyebaki ndani ni yeye.

Baadaye alipata kiti mwendo cha msaada. Magurudumu membamba, ya kuendea kwenye sakafu na lami. Kiangazi kinakwenda, ukijua pa kupita. Masika iliyopita niliwaona wanarudi kutoka kanisani. Kiti kilikuwa kimekwama kwenye matope karibu na mfereji. Mama alikuwa ameshamtoa mwanawe, amemweka mgongoni, miguu mirefu ya kijana inampiga magotini. Nyuma yao dada yake mdogo, wa kama miaka saba, alikuwa anakisukuma kiti kitupu kwa nguvu zake zote. Nikachukua upande mmoja wa kiti, yeye akashika mwingine.