Nia ya Mwenye Kujitolea na Hesabu ya Kura

Ufikapo uchaguzi wa serikali za mitaa, kama ule wa tarehe 27 Novemba 2024, wako katika mitaa ya Morogoro mjini na katika vitongoji vya milima ya Uluguru, tangu Mgeta hata Matombo, watu wazungukao nyumba kwa nyumba pasipo ujira, wakiwakumbusha jirani zao kujiandikisha na kuwashika mkono wazee hata kituoni. Na kwa kuwa wapiga kura wa kitongoji ni wachache, hutokea mwenyekiti akapatikana kwa tofauti ya kura ambazo mtoto aweza kuzihesabu kwa vidole vyake. Basi yule aliyejitolea upande ulioshindwa kwa kura mbili, kazi yake imekwenda bure?

Aghalabu yeye mwenyewe hujibu kuwa ndiyo, kisha hujitesa kwa fikra ya nyumba mbili ambazo hakuzifikia. Mateso hayo nayaheshimu, walakini naona yamejengwa juu ya hesabu isiyo sahihi. Kwa mfano, mwezi wa Januari mwaka 1961, katika uchaguzi wa Unguja na Pemba, chama cha Afro-Shirazi kilitwaa kiti cha Chake Chake kwa kura moja tu, kikafikisha viti 10 katika 22, hali chama cha Hizbu kilipata 9 na kile cha ZPPP 3. Kisha ZPPP ikagawanyika, pande mbili zikawa na viti 11 kwa 11, ikabidi uchaguzi urudiwe mwezi wa Juni, nao ukaandamana na ghasia zilizowaua watu 68. Kila mmoja wa waliokipigia kura chama kilichoshinda Chake Chake angeweza kusema kwamba lau asingetoka nyumbani siku ile ushindi usingalikuwapo, na wote wangesema kweli. Lakini sifa iliyo ya kila mmoja kwa ukamilifu wake haiwezi kudaiwa na mmoja peke yake. Kadhalika lawama ya kushindwa: haina mwenyewe.

Ikiwa matokeo hayatupi mizani, tutaipata wapi? Waislamu hufundishwa kuwa amali huenda kwa nia, na Wakristo husomewa habari za mjane aliyetia senti mbili katika sanduku la sadaka akahesabiwa kuwa ametoa zaidi kuliko matajiri; na hawa na hawa wanakaa pamoja katika Uluguru. Nchi hiyo yenyewe ina ushahidi wake kwamba nia huenda na hiari. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni, kwa mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi mitelemkoni. Haja ilikuwapo, maana mvua huuchukua udongo, na maji ya milima hiyo ndiyo yaujazayo mto Ruvu. Illa kazi ilitolewa kwa amri, na mahali pengi ngazi zilifukua udongo wa chini usio na rutuba ukakaa juu. Mwaka 1955 watu wakakataa, ghasia zikazuka Matombo, na mpango ukaachwa. Jasho lililomwagika pale halikuwa dogo, bali hiari ndiyo iliyokosekana.

Hiari yaweza pia kununuliwa, na hili lanihuzunisha zaidi, kwa kuwa mnunuzi huja na tabasamu. Nchi yetu iliwahi kuihalalisha takrima, yaani zawadi za wagombea kwa wapiga kura, katika sheria ya uchaguzi, hata Mahakama Kuu ikaitangua mwaka 2006. Mwenye kupokea khanga na sukari ili azunguke mitaani hafanani na yule azungukaye kwa imani, ingawa miguu yao imepita njia moja na kura walizoleta ni sawa kwa idadi.

Sisemi kwamba nia njema yatosha pasipo bidii. Aliyeahidi kuwafikia wazee wa kitongoji kisha akalala, hawezi kujificha nyuma ya usafi wa moyo wake, kwani nia iliyo kweli huamsha miguu. Lakini aliyetimiza alichokiweza amekwisha kutoa amana yake kabla sanduku halijafunguliwa, wala kura mbili haziwezi kumpokonya. Na mwenyekiti aliyeshinda kwa kura hizo hana budi kuwatendea insafu wale waliozunguka kumpinga, maana nao walitoka kwa hiari, na kitongoji ni chao pia.