Funga Mlango Upate Kusikia



Leo tafakari yetu inahusu hedifoni. Ndiyo, hedifoni, zile kubwa zinazofunika sikio lote. Msicheke kwanza. Baada ya kipindi cha VIWAWA mwezi uliopita kijana mmoja aliniuliza: "Frateri, ni halali Mkristo kutumia mamilioni kununua hedifoni?" Siku ile nilimjibu kwa kifupi, lakini swali lenyewe lina kina kuliko bei. Kwa hiyo naomba tulichimbe pamoja.

Nina rafiki anayerekodi kwaya. Kwake nimepata nafasi ya kukaa jioni kadhaa na aina mbili za hedifoni zilizofungwa nyuma. Za kwanza ni DT 770 Pro za Beyerdynamic, ambazo ni za kazi na utazikuta studio nyingi duniani. Za pili ni HD 820 za Sennheiser, kampuni nyingine ya Ujerumani. Hizo zilipotoka mwaka 2018 zilikuwa zinauzwa dola 2,399. Aisee, hapo unapata hata bajaji iliyotumika! Ila kuzipima vizuri kumenifundisha mambo matatu kuhusu sala, na ndiyo nataka kuwashirikisha.

Kwanza tuelewane, "kufungwa nyuma" maana yake nini? Ndani ya kila upande wa hedifoni kuna spika ndogo. Spika hiyo inapotikisika inasukuma hewa pande mbili, mbele kuelekea sikio lako na nyuma kuelekea nje. Zilizo wazi zina wavu nyuma, kwa hiyo sauti inatoka, na jirani yako anasikia unachosikiliza. Zilizofungwa zina ukuta. Sauti yako haitoki, na kelele za nje zinapungua. Ndiyo maana mwimbaji akiwa anarekodi anavalishwa zilizofungwa. Ala anazozifuata zikivuja, maiki itazinasa pamoja na sauti yake na kazi ya wote itaharibika. Yaani kule studio mtu anajifunga kwa faida ya wenzake. Hilo lishike, tutalirudia.

1. Jihadhari na mwangwi wako mwenyewe

Ukuta una gharama yake. Lile wimbi la nyuma likigonga ukuta linarudi, linapita kwenye spika na kuchanganyika na muziki. Matokeo yake unasikia sauti kama ya mtu anayeimba ndani ya pipa. Unadhani unamsikia mwimbaji, kumbe sehemu ya unachosikia ni chumba chenyewe kinajirudia. Hapo ndipo wahandisi wanapoumiza vichwa, na sehemu kubwa ya ubora wa hedifoni zilizofungwa iko hapo. Kwenye HD 820 waliweka kioo kigumu kilichopinda, ili wimbi la nyuma lisirudi moja kwa moja kwenye spika bali lielekezwe pembeni, kwenye vyumba vidogo vya kulifyonza. Nilipozivaa na kusikiliza kwaya ya sauti nne, niliweza kumfuata mwimbaji wa besi mmoja mmoja. Kulikuwa na hewa kati ya sauti na sauti.

Sasa njoo kwenye sala. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, Yesu anatufundisha kuingia chumbani, kufunga mlango na kusali kwa Baba aliye sirini. Wengi wetu tumejaribu. Unafunga mlango, unazima simu, unapiga magoti, halafu unasikia nini? Unajisikia mwenyewe! Hasira ya jana, mpenzi asiyejibu meseji, mtihani, ile kazi uliyoomba. Tena wakati mwingine tunatoka pale na kusema "Mungu ameniambia", kumbe ni tamaa yetu imegonga ukuta ikarudi. Kijana aliyekwisha kuamua kumwacha mchumba wake anaweza kufunga novena na kurudi na jibu lile lile alilokwenda nalo.

Dawa yake si kuacha kufunga mlango. Mwangwi unahitaji mahali pa kwenda. Kwetu Wakatoliki mahali hapo ni kitubio, ni kiongozi wa kiroho, ni Neno la Mungu lililosomwa polepole hata pale lisipotupendeza. Yaseme mawazo yako mbele ya mtu mwenye busara, na utashangaa jinsi kelele yako inavyofyonzwa, kisha kinachobaki kinaanza kusikika.

2. Sauti kubwa si lazima iwe sauti bora

Wanaopima vifaa vya sauti wana kanuni moja ngumu: kabla ya kulinganisha hedifoni mbili, sawazisha kwanza kiwango cha sauti. Kwa nini? Kwa sababu moja ikizidi nyingine hata kidogo tu, sikio litasema ile yenye sauti zaidi ndiyo nzuri, hata kama sivyo. Hata masikio yenye uzoefu hudanganyika hivyo. Mimi nilihakikisha zote mbili zinalingana, nikasikiliza wimbo ule ule ninaoujua kwa moyo, ndipo nikaanza kuona tofauti ya kweli.

Mko pamoja nami? Angalieni maisha yetu. Mhubiri anayepiga kelele zaidi tunadhani ndiye mwenye Roho zaidi. Mwenye wafuasi wengi mtandaoni tunadhani ndiye msema kweli. Nabii Elia alilijua jambo hili kule Horebu, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Ulipita upepo wa kupasua miamba, likaja tetemeko, ukaja moto, na Bwana hakuwamo. Kisha ikaja sauti ndogo ya utulivu, na hapo ndipo Elia alipojifunika uso kwa vazi lake. Angechagua kwa ukubwa wa sauti, angeuabudu upepo.

Tena hapa kuna jambo la mwili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80. Ukipandisha hadi desibeli 90, muda salama unashuka mpaka saa 4 tu kwa wiki! Na sikio la ndani likishaharibika kwa kelele halirudi. Mtakatifu Paulo anatukumbusha kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, na masikio ni milango ya hekalu hilo. Uzuri wa hedifoni zilizofungwa vizuri ni huu: kelele za nje zikipungua, huhitaji kupandisha sauti. Ndani ya daladala tunafanya kinyume, tunashindana na honda na muziki wa dereva. Sala ni vile vile. Si kwamba Mungu anaongea chini mno, ila tunataka ashindane na vitu ambavyo sisi wenyewe hatujavizima.

3. Pima kwa saa mbili, si kwa dakika tano

Ukienda dukani ukavaa hedifoni dakika tano, zitakazokuvutia ni zile zenye besi nzito na sauti za juu zinazong'aa. Unasema, "Hizi ndizo!" Ukikaa nazo saa moja nyumbani, sauti zile za juu zinaanza kuchoma, na besi imefunika maneno. Nzuri mara nyingi hazishtui mwanzoni. Unazisahau, unabaki na wimbo.

Na raha ya kuvaa ni hivyo hivyo. DT 770 Pro zina uzito wa gramu 270, HD 820 gramu 360, na wenzao Stellia wa Focal ya Ufaransa hufika gramu 435. Kwa dakika tano huoni tofauti. Baada ya saa mbili shingo inajua, utosi unajua, na joto chini ya mito ya masikio unalijua. Mkanda ukibana sana, taya inauma. Ukilegea, mito haigusi ngozi vizuri na besi inapotea. Mimi navaa miwani, na nimeona mkono wa miwani tu, ule mwembamba, unavyotosha kuacha upenyo ambao besi inatorokea. Dada zetu wenye rasta na misuko mnanielewa. Hedifoni iwe ya bei gani, isipokaa sawa kwenye kichwa chako wewe, hutaisikia ilivyotengenezwa.

Mtakatifu Ignasi wa Loyola alikuwa mpimaji wa namna hii. Mwaka 1521 alijeruhiwa mguu vitani Pamplona, akalala nyumbani muda mrefu akiuguza. Akiwaza sifa za uaskari na mambo ya dunia, alifurahi sana wakati ule, lakini baadaye alibaki mkavu. Akiwaza kuwaiga watakatifu, alifurahi pia, na furaha ile ilibaki. Kutokana na tofauti hiyo ndogo akaanza kujifunza kupambanua roho. Hakuuliza tu "inanifurahishaje sasa?" Aliuliza "inaniachaje?" Vijana wenzangu, pimeni hivyo urafiki, mitandao, hata wito. Kinachokuacha mtupu kila mara kikiisha, hata kama kilikuwa kitamu, kitilieni shaka.

Je, unajifunga kwa ajili gani?

Sasa turudi kwenye swali la bei. Nilipokuwa nasoma falsafa, Aristotle alitufundisha kuuliza kila kitu kina lengo gani kabla ya kusema ni kizuri au kibaya. Kwa rafiki yangu anayekula kwa masikio yake, hedifoni nzuri ni jembe, na jembe zuri si dhambi. Lakini kama ndani ya bei hiyo imo ada ya mdogo wako au dawa za bibi, jibu unalo tayari. Na nisiwafiche: kati ya zile za kazi na zile za dola 2,399, tofauti ipo na ni tamu, lakini haikaribii kabisa tofauti ya bei.

Bado lipo swali zito zaidi. Binti mmoja aliniambia, "Frateri, mimi navaa ili nisiwasikie wazazi wakigombana." Sitamhukumu, na wewe usimhukumu. Kuna kelele zinazojeruhi, na mtoto ana haki ya kupata kimya. Kama ni wewe, vaa, pumua, ila usibaki humo peke yako: tafuta shangazi, katekista, paroko au mlezi wenu wa TYCS, umwambie kinachoendelea. Na sisi wengine tujiulize: katika jumuiya yetu ndogo ndogo, ni nani amevaa hedifoni kwa sababu hakuna anayemsikiliza?

Yesu anayesema tufunge mlango, mistari michache mbele anatufundisha sala. Tazama sala hiyo ilivyo: tunaye Baba yetu, tunaomba mkate wetu, tunaombea makosa yetu. Hakuna "yangu" hata moja. Umejifungia peke yako, lakini unasali kwa wingi! Ni kama yule mwimbaji studioni aliyejifunga ili kazi ya wote isiharibike. Naye Elia, baada ya ile sauti ndogo, hakuachwa pangoni. Mungu alimuuliza anafanya nini pale, kisha akamrudisha njiani, kwa watu, na kazi mkononi. Huko kujifunga kunakokurudisha kwa watu ukiwa na masikio mazuri zaidi kunatoka kwa Mungu. Kujifunga kunakokufanya usiwahitaji tena, kukimbie.

Zoezi la wiki hii: kila siku chagua dakika kumi, funga mlango, bila muziki wowote, hata wa dini. Soma 1 Wafalme 19:9-18. Halafu, siku hiyo hiyo, vua hedifoni mbele ya mtu mmoja wa nyumbani na umsikilize mpaka amalize.

Tuombe: Ee Bwana, uliyemfungua masikio yule kiziwi, gusa na masikio yetu. Nyamazisha mwangwi wa nafsi zetu, utufundishe kuipenda sauti yako iliyo ndogo, na uturudishe kwa ndugu zetu tukiwa tayari kusikia. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mbarikiwe sana. Ni mimi Frateri wenu.